Vappu ya Helsinki: sweta kwanza, mbwembwe baadaye

Vappu ni sikukuu ya Mei Mosi ya Wafini, na shamrashamra huanza mkesha wake. Mwaka wangu wa kwanza Helsinki nilitoka nyumbani Aprili 30 na shati la kitenge. Jua lilikuwa linawaka dirishani, nikajisemea baridi imeisha. Ilipofika saa kumi na mbili jioni nilikuwa nimesimama karibu na soko la bandarini, meno yanagongana, mpaka dada mmoja nisiyemjua akanizungushia skafu yake shingoni bila kusema neno. Kwa hiyo vaa sweta, juu yake koti, halafu mapambo yako yote juu ya koti. Siku hiyo hata theluji huweza kuanguka na hakuna atakayeshangaa.

Saa hiyo ya kumi na mbili jioni usiikose. Wanafunzi huning'inia kwenye kreni, wakamwosha Havis Amanda, sanamu ya mwanamke iliyowekwa pale mwaka 1908, kisha wakamvisha kofia nyeupe ya wahitimu wa sekondari. Akishavishwa, umati mzima nao huvaa kofia zao, hadi vikongwe ambao zao zimegeuka rangi ya chai.

Utaona wanafunzi wenye ovaroli za rangi kila upande, zimeshonewa viraka mpaka kitambaa hakionekani. Sikiliza matarumbeta: Retuperän WBK, bendi ya wanafunzi wa uhandisi, hupiga muziki kwa vichekesho, na hapo huhitaji Kifini. Majarida ya utani ndiyo yalinishinda. Äpy na Julkku hupokezana, mwaka huu moja, mwakani lingine, na wanafunzi huyauza barabarani. Nilinunua, sikuambulia kitu. Nunua hata hivyo, halafu mwombe mtu akueleze utani mmoja. Atahangaika, atajichanganya, na hapo ndipo utacheka.

Chakula kitakufariji. Munkki ni andazi, na lina iliki, nakuapia. Kasoro yake ni kugaragazwa kwenye sukari kana kwamba sukari ni bure. Kinywaji ni sima, binamu wa togwa. Maji lita tano, sukari nusu kilo (nusu yake ya kahawia), malimau mawili, hamira chini ya robo kijiko cha chai. Acha usiku mmoja, tia kwenye chupa na zabibu kavu chache, weka kwenye friji wiki hivi. Zabibu zikipanda juu, imeiva. Kifuniko usikikaze! Mimi nilikikaza, na chupa ikapasuka usiku wa manane. Jirani alidhani ni bomba la maji.

Kama hupendi walevi, usikae mjini usiku. Amka Mei Mosi, beba mkeka, upande kilima cha Ullanlinnanmäki kabla ya saa tatu asubuhi, kwaya inapoimba. Wafanyakazi nao huandamana siku hiyo hiyo, mabango na bendi, kama kwetu. Ila usiende mikono mitupu. Mimi nilibeba sambusa thelathini, na kabla sijafungua kopo la pili nilikuwa nimeshakaribishwa kwenye mablanketi matatu na watu ambao kwenye lifti hawanisalimii.

Mei 2 nilimwona yule dada wa skafu kwenye metro, nami nimeivaa. Akaiangalia skafu, akaniangalia mimi, akatikisa kichwa kidogo, akarudi kwenye simu yake.