Folda za wafanyakazi na kijana wa sapoti: maswali yenu

Haya, wiki hii karibu nyote mmeuliza kitu kimoja, seva za faili za Windows (komputa zinazohifadhi faili za ofisi nzima) na nani aruhusiwe kufungulia watu folda. Twende.

Admini wetu yuko Malindi, mimi ni sapoti huku Amu. Mfanyakazi mpya akija mpaka nimpigie simu atengeneze folda, asiposhika tunangoja. Si anipe tu Domain Admin, ile ruhusa kuu ya mtandao wote wa ofisi, yaishe?

Hapana ndugu yangu, na hata akitaka kukupa mkatalie. Mwenye Domain Admin anaweza kufuta akaunti ya yeyote, na siku pasiwedi yako ikiibiwa mwizi anaingia na nguvu hizo hizo kwenye komputa zote za ofisi. Wewe shida yako ni ndogo, kutengeneza folda ndani ya folda moja kubwa, basi. Mwambie admini afungue grupu akutie humo (asiweke jina lako moja kwa moja, kesho utahamishwa jina libaki), halafu kwenye ile folda kubwa, tuiite Home, aende Properties, Security, Advanced, alipe grupu ruhusa ya kusoma orodha na "Create folders / append data", na kwenye "Applies to" achague "This folder only". Hapo ndipo penye kazi yenyewe jamani, manake akiacha ile inayokuja yenyewe, ruhusa inashuka mpaka ndani na utakuwa unasoma orodha ya folda ya mhasibu wakati hukuwa na haja nayo.

Kijana wetu Watamu folda anatengeneza vizuri, lakini akitaka kumpa mwenye folda ruhusa anakataliwa. Kwa nini?

Angalia ruhusa za kushea. Ukipitia mtandaoni zinaangaliwa zote mbili, za kushea (za kuingilia folda kupitia mtandao) na za NTFS (za folda yenyewe kwenye diski, zile za Security), na iliyobana zaidi ndiyo inashinda. Wengi kwenye kushea wanaweka "Change", na Change haikuachi ubadilishe ruhusa hata kama folda umeitengeneza wewe. Lipe grupu lake Full Control kwenye kushea, kubana ubane kwenye NTFS.

Mimi ni wa HR, Malindi. Kwa hiyo huyo kijana wa sapoti hawezi kuona faili zangu?

Dada, wasipoangalia anaweza, na umefanya vizuri kuuliza kwa sababu humo mna kopi za vitambulisho na mishahara ya watu. Windows inamhesabu aliyetengeneza folda kuwa ndiye mmiliki, na mmiliki hata umtoe kwenye orodha anaweza kujirudishia ruhusa mwenyewe. Kwa hiyo mambo mawili: admini aondoe CREATOR OWNER (ile ruhusa inayokwenda kwa yeyote aliyetengeneza folda) kwenye folda ya Home, halafu folda ikishakuwa tayari abadilishe umiliki, akiwa kwenye seva na command prompt (dirisha la kuandikia amri) aliyoifungua kama admini, pale penye "jina" aandike jina la folda ya mtu:

icacls D:\Home\jina /setowner Administrators

Waulize kama wanafanya hivyo, una haki ya kujua.

Nimetiwa kwenye grupu asubuhi, bado nakataliwa! (Mpeketoni)

Toka kwenye akaunti uingie tena. Grupu jipya linasomwa wakati wa kuingia.

Huku Mambrui folda tunatengeneza kwa mkono moja moja, hakuna njia rahisi?

Ipo. Kwenye Active Directory Users and Computers, programu ya kusimamia akaunti za watu, fungua akaunti ya mtu, Profile, Home folder, chagua herufi H: uandike \\seva\Home$\%username%, folda itajitengeneza na mwenyewe atapewa ruhusa zake hapo hapo. Ila sapoti lazima awe amekabidhiwa pia ruhusa ya kuandika homeDirectory na homeDrive kwenye akaunti za watu, na umiliki bado unabaki kwa huyo sapoti kwa hiyo ile amri ya juu inahitajika vile vile. Mkiweza washeni na access-based enumeration, mtu akifungua Home aone folda yake tu. Lakini mwambieni kijana mapema, hata zile alizotengeneza mwenyewe hataziona tena, asije akadhani zimefutika.