Binti wa miaka 12 na michezo mitatu: jibu langu kwa mleta mada

Dada mleta mada, nimesoma uzi wako wote pamoja na waliokurukia. Kwa waliochelewa kufika: binti yake yuko darasa la sita, anacheza netiboli ya shule, anakimbia mita 200 na 400, na mwisho wa wiki yuko akademi ya soka ya mtaani. Kocha wa akademi anataka aachane na vingine vyote, na kaleta fomu isainiwe. Shemeji yetu, yaani mumewe, anasema achague mmoja, au aache yote ashike daftari. Na mtoto kaanza kulalamika goti. Hayo ndiyo ya kujibu, mengine humu ni kelele.

Mimi ni baba, naishi Ukonga, binti yangu kapita humohumo: netiboli, riadha na soka kwa pamoja kuanzia darasa la tano. Sasa yuko kidato cha tatu. Riadha kaiacha mwenyewe mwaka jana bila kuulizwa na mtu, soka na netiboli bado anacheza. Kwa hiyo sikuandikii ya kusikia.

Kwanza hilo la kuchagua. Kwa miaka 12, hapana. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2016, kikashauri mtoto asubiri mpaka afike kama miaka 15 au 16 ndipo ajikite kwenye mchezo mmoja, kwa sababu anayerudia mwendo uleule mwaka mzima huumia zaidi na huchoka na mchezo mapema. Wale wanaosema "akichelewa basi tena" wamtazame Hasheem Thabeet. Kaanza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hapahapa Dar, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Najua mtasema ule urefu haufundishwi na kocha yeyote. Sawa, lakini hoja ya kuchelewa imekufa.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo wazazi wengi tunapigwa chenga. Shida ya mwanao haiko kwenye idadi ya michezo. Iko hapa: kila kocha anahesabu mazoezi yake peke yake. Mwalimu wa netiboli anajua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi. Mwalimu wa riadha anajua Jumanne na Alhamisi asubuhi kabla ya mstari. Kocha wa soka anajua Jumamosi na Jumapili. Kila mmoja ukimuuliza anakwambia "mepesi tu, mzazi", na wala hadanganyi. Lakini hakuna hata mmoja anayeiona wiki nzima, na mwili wa mtoto hauna kitabu cha kumjulisha huyu kwamba yule jana alimkimbiza. Anayeiona wiki nzima ni wewe unayefua jezi.

Chukua karatasi. Piga mistari saba, Jumatatu mpaka Jumapili. Andika kila zoezi na muda wake, na ujumlishe hata vipindi vya michezo shuleni, hata chandimu ya jioni na kaka zake. Kipimo ninachotumia ni kile kinachopendekezwa na madaktari wengi wa michezo: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Ana 12, basi saa 12. Na siku moja ya wiki, mbili zikiwezekana, asikimbie kabisa. Ukimaliza kuandika utagundua mwanao hana siku hata moja nyeupe. Kwetu karatasi ile ilikaa nyuma ya mlango wa jiko, mama yake akawa anaweka alama ya kalamu nyekundu kila binti anaposema ameamka na maumivu. Ndani ya mwezi tukaona nyekundu zinajaa Jumatatu na Jumanne, yaani baada ya akademi. Kabla ya hapo tulikuwa tunailaumu netiboli.

Ukishapata karatasi, nenda uwanjani. Usipige simu, na usitume ujumbe mrefu WhatsApp, kocha ataona mzazi mkorofi. Mimi nilikwenda Jumamosi mapema, nikasaidia kubeba koni, nikakaa mpaka mazoezi yakaisha, ndipo nikamsogelea. Usimwambie "punguza mazoezi". Muulize: "Kocha, katika hizi siku zako mbili, ipi ni ya lazima kwake?" Swali hilo linampa heshima yake na wakati huohuo linakupa siku moja. Wa kwangu alinipa methali ya mshika mbili moja humponyoka. Nikamjibu kwa upole kwamba huyu bado anakua hata hiyo mikono yenyewe, hajafika kushika. Akacheka, akasema Jumapili aje akiwa mzima tu. Mwalimu wa riadha ndiye alikuwa rahisi kuliko wote, kwa sababu mtu wa riadha anaelewa mapumziko, ni sehemu ya kazi yake.

Na usiwaache wagombane kupitia kwa mtoto. Binti wa miaka 12 akitumwa kumwambia mwalimu wake wa shule kwamba kocha wa mtaani kamkataza, umemtwika mzigo wa watu wazima. Ujumbe upeleke wewe.

Kuna msimu wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, huo una sheria zake. Kuanzia ngazi ya shule, kata, wilaya mpaka mkoa, mambo yanakwenda kwa kasi na mtoto anaweza kutakiwa kambini kwa netiboli na riadha kwa pamoja. Kipindi hicho akademi isimame. Siyo ipungue, isimame. Baada ya mashindano mpe wiki mbili tatu za kulala na kucheza rede na wenzake. Kocha atalalamika, atazoea. Na kama akiingia kambi, uliza mambo mawili bila aibu: matroni ni nani, na wasichana wanalala wapi. Hata huko akademi, kocha mwanaume asiwe na sababu ya kumtumia binti wa darasa la sita ujumbe saa tatu usiku. Taarifa zote zipite kwenye simu ya mzazi. Kocha mzuri atakushukuru, na anayenuna kwa hilo umeshamjua.

Tuje kwenye goti. Sijaliona, lakini ulivyoeleza (kivimbe kidogo kigumu chini ya kilegesambwa, kinauma akipiga magoti au akiruka, akipumzika kinatulia) ndivyo alivyokuwa wangu. Daktari aliweka kidole gumba palepale, binti akaruka kitandani. Akasema ni pale kano nene ya msuli wa paja inapojishikiza kwenye mfupa wa muundi, mfupa ambao bado ni laini kwa sababu anarefuka. Inaitwa Osgood-Schlatter. Watoto wanaokua haraka na kuruka sana huipata, na kwa kawaida huisha mifupa ikikomaa. Dawa yake ilikuwa kupunguza kuruka na kukimbia, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa baada ya mazoezi, na kunyoosha misuli ya paja. Hakupigwa sindano wala kufungwa plasta ngumu. Netiboli ina kusimama ghafla kila ukidaka mpira, ndiyo maana goti linalia zaidi huko. Ugonjwa huo una ndugu yake wa kisigino pia, anawapata sana wenye umri huu.

Bibi yake alitaka achuliwe kwa mafuta ya nazi na mzee mmoja wa mtaani anayesifika kwa kuvuta viungo. Mafuta ya nazi hayana ubaya. Huo uvutaji nilikataa, na nakushauri ukatae. Mfupa wa mtoto unaokua hauvutwi. Na haya usiyasubirishe hata siku moja: akichechemea, maumivu yakimwamsha usiku, goti likivimba na kuwa la moto, au akiwa na homa. Hapo ni hospitali, siyo jukwaani.

Kuna mazoezi ya kupasha mwili yanaitwa FIFA 11+, yana kama dakika 20, na yapo ya watoto walio chini ya miaka 14. Video zake ni za bure mtandaoni. Yanamfundisha kutua kwa miguu miwili huku magoti yamekunjwa bila kuingia ndani. Mwonyeshe mwalimu wa netiboli, wetu aliyachukua akayafanyisha timu nzima, na sasa anasema ni yake. Sawa tu.

Viatu. Usimnunulie njumu zinazomzidi kwa namba mbili eti atakulia ndani yake, utamnunulia malengelenge. Nafasi ya upana wa kidole gumba chako ibaki mbele ya vidole vyake, basi. Na viwanja vyetu hivi vya udongo mgumu na kokoto havitaki njumu za meno marefu, zinapiga kisigino. Tafuta zenye meno mafupi mengi. Soko la Karume zipo nzuri za mtumba ukienda asubuhi wakati wanafungua marobota, lakini zikunje kwanza uone soli kama bado inarudi. Raba moja nzuri inatosha kwa netiboli na riadha. Spaiki, vile viatu vya mbio vyenye misumari, asubiri, hana haja nazo kwa sasa. Na kwa kuwa ni binti, kabla ya jezi ya pili mnunulie sidiria ya michezo inayombana vizuri, na kwenye begi kuwe na pedi muda wote hata kama hajavunja ungo. Wangu ilimkuta siku ya mechi, na kwa kuwa mama yake alishaweka, aliomba ruhusa dakika tano akarudi akacheza.

Chakula hakihitaji unga wa makopo. Kabla ya mazoezi ya jioni, ndizi au kiazi kitamu kilichobaki asubuhi. Akirudi, ugali na dagaa au maharage, na mboga. Akianza hedhi angalia damu isipungue: dagaa, maharage, mchicha, pamoja na chungwa au ndimu ili mwili uchukue madini ya chuma vizuri. Chai ya rangi isikae meza moja na chakula hicho, inayazuia. Inywe baadaye. Usingizi, kwa umri wake, usipungue saa tisa. Huu ndio unaoibwa kwanza, kwa sababu anarudi saa moja, anaoga, ana homuweki, mara saa nne.

Na hapo ndipo shemeji ana hoja, tusimbeze. Asilimia kubwa ya hasira yake, nadhani, siyo soka. Ni kuona daftari tupu. Mpe kitu cha kushika. Kwetu tulikubaliana kwamba homuweki inafanywa shuleni kabla ya saa kumi, au isipowezekana, mazoezi ya siku hiyo hayapo, na anayelinda sheria hiyo ni baba, siyo mama. Mwakani atakuwa darasa la saba na mtihani wa taifa hufanyika Septemba, kwa hiyo mashindano ya katikati ya mwaka yakiisha, mazoezi yabaki mara mbili kwa wiki kwa ajili ya kunyoosha viungo. Mwambie shemeji mpango huo leo, kabla hajauliza. Halafu mpeleke uwanjani siku moja, asimame tu pembeni. Akianza kupiga kelele "piga! piga huko!", mshike shati. Mtoto anayesikia sauti ya kocha na ya baba kwa pamoja hasikii hata moja. Kwenye daladala tukirudi mimi huuliza kama ana njaa. Mechi ataizungumzia mwenyewe akitaka, na mara nyingi anaanza tukifika kituo cha Banana.

Mwisho ni hiyo fomu. Usisaini uwanjani. Ichukue, nenda nayo nyumbani, msome wote wawili. Tafuta humo: akiumia nani anatibu, anaruhusiwa kucheza michezo ya shule au la, akitaka kuondoka inakuwaje, na kama kuna mahali pameandikwa kwamba akademi itakula fedha akihamia timu nyingine. Kwa kanuni za FIFA mchezaji aliye chini ya miaka 18 hafungwi mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu, na kuhamishwa nchi nyingine kabla ya miaka 18 kumekatazwa isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Kwa hiyo ukiona miaka mitano au kumi, au ahadi ya kumpeleka nje mwakani, unajua unaongea na nani. Nyingi ni fomu za kawaida tu za ruhusa ya mzazi na namba ya simu, sitaki kukutisha.

Ipige picha uiweke hapa, lakini funika kwanza jina la mtoto na la akademi. Kuna mwanasheria humu huwa anapita usiku, tutamwita aisome.