Maswali yenu: waliochora mbingu na dunia

Swali: Ramani ya darasani inaonyesha Greenland inakaribia kulingana na Afrika. Nani alitudanganya?

Hakuna aliyedanganya. Ramani hiyo chimbuko lake ni Gerardus Mercator, aliyeitoa mwaka 1569 mjini Duisburg, Ujerumani, na aliwachorea mabaharia. Nahodha alitaka apige mstari kwa rula toka bandari hadi bandari, asome pembe yake, kisha aifuate kwa dira safari nzima. Ili mstari huo unyooke, ilibidi nchi zivutwe kadiri zinavyokaribia ncha. Kwetu kwenye ikweta karibu hakuna kilichovutwa. Ukifika latitudo ya 60, nchi imerefushwa mara mbili na kupanuliwa mara mbili, basi eneo lake linaonekana mara nne. Greenland ndipo inapoanzia, ikapanda juu zaidi! Kwa kweli ingeingia Afrika mara 14 hivi. Ramani ya baharini haikufaa kufundishia ukubwa wa nchi. Natamani kila shule ingekuwa na tufe.

Swali: Bila darubini, nyota zilipimwaje?

Kwa macho na subira. Jioni ya 11 Novemba 1572, Tycho Brahe wa Denmark aliona nyota ngeni iking'aa katika kundi la Kasiopea. Hakuyaamini macho yake. Akawauliza watumishi wake, kisha wapita njia: nanyi mnaiona? Wakasema wanaiona. Akaipima miezi mingi, haikusogea kati ya nyota jirani zake kama ambavyo kitu cha karibu kingeonekana kusogea, akajua iko mbali kuliko mwezi, huko ambako wasomi walifundisha kwamba hakubadiliki kitu. Nafurahi kwamba mashahidi wa kwanza walikuwa watu wa kawaida. Baadaye, kisiwani Hven, alipimia kwa robo duara, yaani chombo cha kupimia pembe, ya shaba iliyofungwa ukutani, nusukipenyo chake karibu mita 2.

Swali: Copernicus alifungwa kwa kusema dunia inalizunguka jua?

Hapana. Kitabu chake kilichapwa Nuremberg mwaka 1543, naye akafariki mwaka huohuo. Aliyefungwa ni Mercator, mwaka 1544, miezi saba hivi, kwa tuhuma za uzushi wa dini.

Swali: Pwani yetu ya Afrika Mashariki ilijulikana kwa wachora ramani hao wa Ulaya?

Ilijulikana. Kitabu cha jiografia cha Ptolemy, msomi wa kale wa Alexandria, kilichotafsiriwa kwa Kilatini mwanzoni mwa miaka ya 1400, kiliwapa wasomi wa Ulaya jina la Rhapta, mji wa biashara wa pwani hii. Mabaki yake wanaakiolojia wanayatafuta hadi leo.