Kuku na viazi kwenye trei moja: viazi vinabaki vigumu

Umesema kuku anaiva vizuri, ila viazi vinabaki vigumu katikati na trei inajaa maji. Hapo vipande ni vikubwa na vimebanana. Vikirundikana, mvuke hukosa pa kutokea, vinachemka badala ya kuokwa.

Kwa watu wanne, tumia mapaja 6 yenye mfupa na ngozi, na viazi kilo 1 vilivyokatwa vipande vya sentimita 3. Vichemshe dakika 5 kwenye maji ya chumvi, vichuje, kisha vitikise ndani ya sufuria mpaka kingo zichubuke na kuwa kama zimepakwa unga. Tafadhali usiruke hatua hii, maana kingo hizo ndizo zinazokauka na kuwa za dhahabu. Changanya na mafuta vijiko 3 vya chakula.

Kuku mpanguse mpaka ngozi iwe kavu kabisa, la sivyo itakuwa kama mpira. Mpake chumvi kijiko 1 na nusu cha chai na pilipili manga. Kitunguu saumu tia punje nzima na maganda yake. Kilichosagwa huungua na kuleta uchungu.

Oveni iwe imeshafika nyuzi 200. Panga kila kitu safu moja, ngozi juu, dakika 45. Ikifika ya 25, geuza viazi tu. Kuku ameiva kipimajoto kikisoma angalau nyuzi 74 karibu na mfupa, bila kuugusa. Ndimu kamulia mezani.