Maswali ya Wasomaji: Ni Filamu Ipi Mbaya Kuliko Zote?

SWALI: Mhariri, assalamu alaykum. Sisi ni vijana wa Langoni ambao hukutana barazani baada ya sala ya Isha, na kwa siku kadhaa sasa tumezozana kuhusu filamu mbaya kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Mmoja wetu ashikilia kwamba ni Plan 9 from Outer Space ya Marekani, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa vitabuni. Mwingine asema hakuna zinazozishinda zetu za Riverwood, yaani filamu za Kenya zitengenezwazo Nairobi, ambazo sauti yake humezwa na upepo. Tafadhali tuamulie.
Vijana wa Langoni, Lamu

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu zangu. Huyo wa kwanza hakutunga neno lake. Mwaka 1980 ndugu wawili wa Marekani, Harry na Michael Medved, walichapisha kitabu kilichoitangaza Plan 9 kuwa filamu mbaya kuliko zote, na tangu hapo hukumu hiyo imekuwa ikirithishwa, hata na watu ambao hawajaitazama. Kasoro zake ni za kweli. Mwongozaji wake, Ed Wood, alikuwa na vipande vichache tu vya picha za Bela Lugosi, mwigizaji maarufu wa Dracula, ambaye alifariki Agosti 1956 kabla filamu yenyewe haijaanza kupigwa. Wood hakutaka kuvitupa vipande hivyo, kwa hiyo akamtwaa tabibu wa viungo aliyekuwa akimtibu mke wa Wood, mtu aliyemzidi marehemu kwa kimo na asiyefanana naye hata kidogo, akamwagiza ashike nafasi ya Lugosi na afunike uso kwa joho kila anapotokea. Makaburini, tukio moja huanza mchana na kuendelea usiku, kisha mchana hurudi.

Hata hivyo mimi siipi Plan 9 nafasi ya kwanza. Ukiitazama hadi mwisho utajua ni nini Wood alitaka kusema, wapi alitaka uogope na nani alitaka umwonee huruma. Mikono yake ndiyo iliyoshindwa kuifikia nia yake. Filamu ambayo watu wanaitafuta kwa hiari baada ya zaidi ya miaka 60 haiwezi kuwa ndiyo iliyo chini ya nyingine zote.

Hukumu yangu naielekeza kwa Battlefield Earth ya mwaka 2000, iliyogharimu dola za Marekani zipatazo milioni 73 na kurudisha chini ya milioni 30 katika kumbi za sinema. Mwongozaji wake, Roger Christian, hakuwa mgeni wa kazi, kwani ni miongoni mwa waliopata tuzo ya Oscar kwa kupamba mandhari ya Star Wars ya mwaka 1977, na mwigizaji mkuu alikuwa John Travolta. Itazameni kamera yake kwa makini. Kuinamisha kamera upande mmoja ni mbinu ya zamani na yenye faida, maana humfanya mtazamaji ahisi kwamba kuna jambo lililokwenda kombo hata kabla hajaelezwa. Katika filamu hii karibu kila picha imeinamishwa, hata pale watu wanapozungumza tu, na kwa hiyo mambo yanapokwenda kombo kweli, mwongozaji hana tena chombo cha kulionyesha hilo. Hadithi nayo yataka tukubali kwamba watu waliokuwa wakiishi maporini wajifunza kwa siku chache kurusha ndege za kivita zilizokaa ghalani kwa miaka 1,000, na kwamba ndege hizo zawaka bila tabu. Mwaka 2010 mmoja wa waandishi wa mswada wake, J. D. Shapiro, aliomba radhi hadharani kwa kazi hiyo. Aliyekosa vifaa namsamehe. Hawa walikuwa na kila kitu, na hakuna aliyesimama kuuliza kama hadithi yaeleweka.

Sasa nije kwa huyo wa pili. Sauti mbovu ni kosa kubwa, na silipunguzi, kwa sababu mtazamaji huvumilia picha yenye giza lakini havumilii maneno yasiyosikika. Anayepiga picha ufukweni wakati wa kusi, akitegemea kipaza sauti kilichomo ndani ya kamera huku mwigizaji amesimama mbali, atapata upepo mtupu. Dawa yake ni kipaza sauti kilichosogezwa karibu na mdomo na kuvishwa kifuniko cha manyoya, jambo ambalo vijana wetu wanaweza kulimudu. Lakini nendeni mkatazame Manos: The Hands of Fate, iliyotengenezwa El Paso, Texas, mwaka 1966 na muuza mbolea aitwaye Harold Warren. Kamera yake haikunasa sauti kabisa na haikuweza kupiga zaidi ya sekunde 32 kwa mfululizo; maneno yote yaliingizwa baadaye na watu wachache, hata sauti ya mtoto mdogo wa kike ikatolewa na mwanamke mzima. Hayo yote ningeyavumilia. Nisichokivumilia ni kule mwanzoni, ambako gari la familia laenda na kwenda barabarani bila jambo lolote kutokea, ilhali kukata picha hizo kusingegharimu hata senti moja. Kwangu hiyo ni ya pili, na za Riverwood, ambazo kwa kawaida huwa na kisa tangu dakika ya kwanza, ziko mbali nayo.

Nawaomba pia msiziamini mno orodha. Tuzo za Razzie, ambazo hutolewa kwa filamu mbovu, zilipoanza mwaka 1981 zilimteua Stanley Kubrick kuwa miongoni mwa waongozaji wabaya wa mwaka kwa sababu ya The Shining, filamu ambayo leo yafundishwa vyuoni. Na uteuzi wa mwigizaji Shelley Duvall kwa filamu hiyohiyo ulifutwa na waandaaji wenyewe mwaka 2022.

SWALI: Filamu niliyoitazama kibandani, ikisimuliwa na DJ kwa Kiswahili, niliipenda sana. Binamu yangu aliitazama nyumbani bila DJ na asema ni takataka. Nani kati yetu ana haki?
Msomaji, Maweni, Malindi

JIBU: Nyote wawili, ila hamkutazama kitu kimoja. DJ hodari hupunguza sauti ya waigizaji, huwapa majina na tabia, huziba mapengo ya hadithi, na pale filamu inapolala huongeza maneno yake mpaka kibanda kizima kicheke. Ulichokipenda ni masimulizi yake, na hiyo ni sanaa yenye haki ya kusifiwa kwa jina lake. Filamu yenyewe mwachie binamu yako aihukumu, mpaka nawe utakapoitazama kwa sauti yake ya asili.