UPnP imewashwa lakini poti bado imefungwa

Kaka, umesema UPnP (njia ya programu kuiomba ruta ifungue poti yenyewe) umeiwasha kwenye qBittorrent, programu yako ya torrent, na kwenye ruta, ila tovuti ya kupima inasema poti, yaani mlango wa mtandao ambao wengine hupitia kuifikia programu yako, imefungwa. Usianze kubadilisha mipangilio. Ingia kwenye ruta, tazama IP (anwani ya mtandao) ya upande wa WAN, yaani upande wa intaneti, kisha ilinganishe na IP ambayo tovuti za nje zinakuonyesha. Zikitofautiana, na ya ruta ikawa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya IP moja. UPnP huongea na ruta yako tu, mitambo ya kampuni haiifikii. Mimi nilihangaika wiki nzima kabla ya kulijua hili, sitaki nawe upoteze usiku wako. Omba IP ya umma, au tumia IPv6 (aina mpya ya anwani za IP) kama ipo. IP ya WAN ikianza na 192.168, basi una ruta mbili zilizofuatana. UPnP inafungua ya ndani, ya nje inabaki imefungwa.

IP hizo mbili zikifanana, zima UPnP ufungue poti kwa mkono: namba moja, tuseme 51820, TCP na UDP (njia mbili za kusafirisha data) zote, ielekee kwenye IP ya ndani ya kompyuta yako. IP hiyo uifunge kwenye DHCP, sehemu ya ruta inayogawa IP, isibadilike. Iruhusu programu kwenye fayawoli (ukuta wa usalama) ya Windows pia.

Na tafadhali, pima poti programu ikiwa wazi. Ukiifunga, hakuna anayeitikia, na jibu litakuwa "imefungwa" hata kama kila kitu kiko sawa.