Kava za chini kwenye gari la zamani: ipi irudishwe na ipi iachwe

Ndugu, umeeleza kwamba gari lako linakaribia miaka 20, kwamba ulipolinyanyua kwa jeki ulikuta kava ya chini ya injini haipo, kava moja ya katikati ya sakafu inaning'inia na mwenzake imepotea kabisa, na kwamba fundi wako anakuambia usijisumbue kwa sababu injini isiyo na kava hupumua vizuri zaidi. Sedani yangu ya petroli, ya umri kama huo, ilinifikia ikiwa katika hali hiyohiyo, na nilichojifunza ni kwamba kava hizi haziamuliwi zote kwa pamoja. Chungulia kwanza kilichopo juu ya kila moja, ndipo uamue kama inastahili kurudi.

Lakini ile inayoning'inia isisubiri uamuzi wowote. Ifunge sawasawa au ivue leo, maana gari likishika kasi upepo huingia ndani yake na kuivuta hadi inyofoke na kumrukia anayekufuata nyuma, au ijikunje iguse bomba la ekzosi na kuyeyuka.

Kuhusu kava ya injini, siafikiani na fundi wako, na nitaeleza kwa nini. Hewa hupita kwenye rejeta kwa sababu mgandamizo wa mbele ya rejeta ni mkubwa kuliko wa nyuma yake. Katika magari mengi madogo, kava ya chini ndiyo inayozuia upepo wa chini ya bampa usipande ndani ya chumba cha injini na kuongeza mgandamizo nyuma ya rejeta, na ndiyo inayoielekeza hewa iliyokwisha kupata moto itokee nyuma, chini ya sakafu. Ikiondolewa, gari linaweza kuonekana halina tatizo kwenye foleni, ambako feni ndiyo inayofanya kazi, kisha joto likapanda kwenye mlima mrefu huku kiyoyozi kimewashwa. Usiutegemee mshale wa dashibodi kukuonyesha tofauti hiyo, kwa kuwa katika magari mengi umetengenezwa ubaki katikati hata joto la maji likibadilika kwa nyuzi kadhaa. Mimi nilichomeka kifaa cha kusoma joto kwenye soketi ya uchunguzi, na kwenye mlima uleule, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, joto halikupanda sana kama awali baada ya kava kurudi. Sisemi kwamba kila gari litachemka bila kava, kwani yapo yaliyosanifiwa bila kuitegemea, hasa yale yaliyoinuka sana.

Hata hivyo, kilichonishawishi zaidi ni maji na mchanga. Alterneta ya gari langu imekaa chini, karibu na gurudumu la mbele, na kila nilipopita kwenye dimbwi mkanda ulipiga kelele kali kwa muda kabla ya kutulia. Alterneta ilipoacha kuchaji na kufunguliwa, tulikuta tope laini limegandamana kuzunguka nyumba ya kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya alterneta, kaboni zenyewe zimelika upande mmoja, na zile pete za shaba zinazosuguana nazo zina mifereji unayoweza kuihisi kwa ukucha. Soketi ya nyaya iliyokuwa jirani nayo ilikuwa imeota ukijani ndani. Kufunga alterneta nyingine na kuiacha wazi vilevile kungekuwa kuiandalia mwisho uleule.

Kabla ya kufunga kava, maliza uvujaji wa oili. Kava huficha matone, na ile iliyobandikwa sufi ya kupunguza kelele ikilowa oili karibu na ekzosi ni hatari ya moto. Osha injini kwa chini, badilisha sili au gasketi inayovuja, tembelea gari kwa muda ukikagua kama chini kunabaki pakavu, kisha ndipo ufunge. Namwelewa fundi anayechoka kuivua kava kila anapomwaga oili, kwa hiyo ukipata yenye mlango mdogo chini ya nati ya kumwagia oili na chini ya filta, chagua hiyo.

Ngao za bati zinazokinga joto la ekzosi hazina mjadala. Zinakinga sakafu, kebo ya breki ya mkono, mabomba ya breki na tangi la mafuta, ambalo mara nyingi ni la plastiki, na kwenye baadhi ya magari ipo nyingine chini ya masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, inayozuia nyasi kavu zisiguse chuma cha moto. Mara nyingi zinang'olewa kwa sababu tu zinagonga, na zinagonga kwa sababu aluminiamu imelika kuzunguka bolti hadi tundu likawa kubwa kuliko kichwa chake. Washa pana inatosha kuishika tena.

Kava za ndani ya fenda nazo zirudi, kwani bila hizo tope hujaa kwenye mikunjo ya bodi na kutu huanzia huko usikokuona.

Za katikati ya sakafu ndizo ninazoweza kuzisamehe, kwa sharti moja. Kama juu yake yanapita mabomba ya breki au ya mafuta, safisha, paka dawa ya kuzuia kutu, kisha irudishe. Kama ni sakafu tupu, faida yake ni kupunguza kelele na ukinzani wa upepo, na kwa kuwa ukinzani huo hukua kwa mraba wa kasi, anayetembea polepole mjini hataona tofauti ya maana kwenye mafuta. Mimi nilirudisha upande wenye mabomba, upande wa pili nikauacha wazi.

Katika kununua, kava halisi iliyotoka kwenye gari lililokatwa, ikiwa haijapasuka masikio, naiamini kuliko mpya nyembamba ya kuiga. Linganisha namba iliyochapwa juu yake, maana modeli moja inaweza kuwa na kava tofauti kwa petroli na dizeli, au kwa gia za otomatiki na za kawaida. Bamba la chuma la kuchongesha linafaa njia za mawe, lakini lisipoachiwa nafasi za hewa na maji kutoka litakuletea tatizo lilelile la joto pamoja na uzito juu yake.

Usumbufu wenyewe utaukuta kwenye bolti. Zipulizie dawa ya kulegeza kutu tangu jioni iliyotangulia, kwa sababu nati nyingi zimechomelewa ndani ya bodi na zikizunguka huna pa kuzishikia. Nunua klipu mpya za kipimo sahihi, kwani za zamani hukauka na kukatika. Matundu marefu yaliyo kwenye plastiki usiyazibe kwa kukaza kupita kiasi, yapo ili kava itanuke ikipata joto. Baada ya siku chache za kutembea, rudi chini na spana ukaze tena zilizolegea.